Mwalimu Spesiosa na Benchi la Nyuma

Asubuhi ile ilikuwa kama nyingine. Barutwanayo alikuwa ameshawasha moto chini ya pipa la chikichi, moshi ukaenda upande wa jikoni, na mkewe akamgombeza kwa ajili ya moshi huo, kama alivyomgombeza miaka thelathini na moja. Kisha akaja na ungo.

“Baba Yunisi, acha moto. Njoo ukae.”

Akakaa juu ya gogo. Alijua anaitiwa nini.

Spesiosa akapanga chikichi kwenye ungo. Mistari minne, kila mstari tatu.

“Ngapi?”

“Kumi na mbili.” Kuhesabu chikichi hakumshindi mtu wa Simbo, kijiji cha michikichi.

“Haya. Sasa nikikwambia tatu mara nne ni sawasawa na nne mara tatu?”

Barutwanayo akatazama ungo. Akatazama moto. “Hapo nimepotea, Mwalimu.”

Spesiosa hakukasirika. Neno hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Akaushika ungo kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu, chikichi zisihame mahali pake. Mistari minne ikawa mitatu. Zilizokuwa tatu tatu zikawa nne nne.

“Nimeongeza?”

“Hujaongeza.”

“Nimepunguza?”

“Umegeuza ungo tu.”

“Basi na watoto darasani wataona,” akasema, akacheka, akazimwaga chikichi ndani ya pipa pamoja na nyingine. Akanywa chai amesimama, akachukua kipande cha muhogo wa jana, akavaa viatu vyake vyeusi, akaenda shule. Barutwanayo hakumsindikiza kwa macho. Mtu hamtazami mkewe akienda kazini. Na moto ulikuwa unazimika.

Zilikuwa zimebaki siku tatu za kuwa naye duniani, na miezi minane kabla ya kustaafu kwake. Hizo siku hakuna aliyezijua. Miezi alikuwa akiihesabu yeye mwenyewe, na si kwa furaha. Jambo moja lilimsumbua, akalisema mpaka majirani wakalijua: siku atakayoondoka, je, kazi ile itabaki pale shuleni, au itaondoka naye? Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameona mazuri mengi yakianzishwa na mtu mmoja. Mtu anahamishwa, na jambo linakufa. Bustani ya mboga ilikufa hivyo. Kwaya ilikufa hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa nini, ndiyo habari hii.

Spesiosa alizaliwa Kasulu, mtoto wa mkulima wa maharage. Alisomea ualimu, akapangiwa upande wa Simbo, akashuka kwenye gari na sanduku la bati na godoro. Barutwanayo alikuwa akipeleka mawese kwenye nyumba za walimu. Shule hakuisoma hata siku moja. Baba yake alimtuma michikichini, akabaki huko. Siku ya kwanza Spesiosa alimpa karatasi aandike kwamba amepokea dumu tupu. Akaweka kidole gumba chenye mafuta. Msichana yule akaitazama alama ile nyekundu, hakucheka. Akasema, “Hii haitafutika.”

Walipooana, watu ndio waliocheka. “Barutwanayo, siku Mwalimu akikuandikia barua ya kukuacha, nani atakusomea?”

“Yeye mwenyewe,” akajibu.

Alifundisha darasa la kwanza na la pili. Alikuwa mwalimu mzuri kwa jinsi walimu wazuri walivyohesabiwa wakati ule. Darasa lake lilikuwa safi, na watoto waliitikia kwa pamoja mpaka mtu wa barabarani akasikia. Mitihani ikija, shule inakuwa ya mwisho katika kata. Walimu wakasema ni Kiha kinachosemwa nyumbani, ni njaa, ni wazazi. Spesiosa naye akasema hivyohivyo.

Miaka sita iliyopita akaja mkaguzi, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ndogo. Ukutani kulikuwa na chati ya herufi, kila herufi na picha yake na neno lake chini. Mkaguzi akagusa, watoto wakaimba. Akagusa tena, wakaimba. Halafu akafanya kitu kidogo sana. Akafunika picha kwa kiganja, likabaki neno peke yake.

“Hapa pameandikwa nini?”

Kimya.

Akaita mtoto mmoja mmoja darasa la pili lote. Watoto themanini na wanne. Waliosoma neno bila picha walikuwa tisa.

Siku ile Spesiosa alirudi nyumbani, hakuvua viatu. Alikaa kwenye gogo karibu na mashine ya kukamua, mikono mapajani.

“Miaka ishirini na minane, Baba Yunisi. Nimefundisha kuimba.”

Barutwanayo akaendelea kuzungusha mashine. Baadaye mkewe akanyanyuka, akashika upande wa pili wa mpini, wakazungusha wote wawili mpaka mafuta yakaisha.

Wiki iliyofuata akawaomba walimu wenzake wakae nyuma ya darasa lake, wamtazame akifundisha, wamwambie watoto wanapotea wapi. Alikuja Happiness, binti mdogo aliyekuwa na mwaka mmoja kazini. Alikaa, akaandika, mwisho akasema, “Mama, somo zuri sana.” Akaja Dismasi wa hesabu. “Mama, sisi ndio tunajifunza kwako.” Mwalimu mkuu, Leodgar, naye akaja; Spesiosa ndiye aliyemfundisha darasa la pili zamani hizo. Yeye hata kalamu hakutoa.

“Wananiheshimu mno hawa,” Spesiosa alimwambia mumewe wakila. “Heshima yao itaniacha palepale nilipo. Nataka mtu asiyejua, na asiyeniogopa.”

“Utampata wapi?”

Akamtazama tu, kijiko mkononi.

“Mimi?” akasema Barutwanayo. “Mwalimu, mimi nanuka mawese.”

“Utaoga.”

Leodgar alipata shida na jambo hilo. “Mama, mzee akae darasani kama nani? Mjumbe wa kamati? Kuna taratibu.”

“Kama mtu asiyejua,” akajibu Spesiosa. “Wewe una watu wengi wanaojua, mwalimu mkuu. Nami sina hata mmoja asiyejua anayeweza kuniambia.”

Leodgar akacheka, akakubali. Alidhani itakuwa siku moja.

Barutwanayo alivaa shati lake la misa. Akakaa benchi la nyuma, magoti yakimfika kidevuni, katikati ya watoto waliomtazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. Agizo alilopewa lilikuwa moja: ukipotea, nyoosha mkono, sema umepotea. Usiseme vizuri, usiseme vibaya.

Walifika herufi ya mwisho kwenye chati.

“Z, zabibu! Z, zabibu!” Bati la paa likatetemeka.

Barutwanayo alishawahi kuanguka kutoka juu ya mchikichi, akajipangusa, akapanda tena. Hakuogopa kama alivyoogopa siku hiyo kunyoosha mkono.

“Ndiyo, babu,” akasema mkewe.

“Hapo nimepotea. Zabibu ni kitu gani?”

Darasa likalipuka. “Babu hajui zabibu! Babu hajui!”

Spesiosa hakucheka. Aligeuka akaitazama ile picha: tunda la punje nyingi nyeusi zilizoshikana kwenye kikonyo. Aliitazama muda mrefu, mpaka mumewe akadhani amemwaibisha, akatamani kutokea dirishani.

“Nyamazeni. Babu ameuliza. Nani hapa amewahi kula zabibu?”

Hakuna.

“Nani amewahi kuziona?”

Hakuna.

“Hata mimi,” akasema Spesiosa. “Nimezifundisha miaka ishirini na minane. Sijawahi kuzishika. Sijui kama ni tamu au ni chachu.”

Watoto walikuwa hawajawahi kusikia mwalimu akisema hajui. Barutwanayo naye hakuwahi. Alihisi kama mtu amefungua mlango wa nyumba ambayo siku zote alidhani haina mlango.

Halafu mkono ukapanda. Binti mmoja, Niyokwizera, wa familia iliyotoka Burundi ikahamia pale, mtoto ambaye tangu Januari hakuwa amesema neno.

“Mwalimu, mimi nilijua ile ni chikichi.”

“Na mimi,” akasema mwingine.

“Na mimi!”

Mikono ikapanda, benchi baada ya benchi. Ulikuwa mkungu wa chikichi, bwana, punje zake zile zile nyeusi; nani mtoto wa michikichini ataona kitu kingine? Mwaka mzima walikuwa wakitazama chikichi na kuimba zabibu. Kila mmoja alijua kuna kitu hakikai sawa, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake asiyeelewa, akaimba kwa nguvu zaidi ili asigundulike.

Spesiosa alihesabu mikono kwa kidole. Sabini na moja. Machozi yalimtoka mbele ya watoto, na hakuyafuta.

“Tokeni nje wote,” akasema.

Wakasimama uwanjani. Siku isiyo na ukungu, kutoka pale, ziwa linaonekana chini kule, zaidi ya Ujiji, linang’aa kama bati jipya, na milima ya Kongo nyuma yake.

“Kile ni nini?”

Wengine wakajibu kwa Kiha. Akawasikiliza, akawaambia ndiyo, ni hicho hicho. “Na kwa Kiswahili?”

“Ziwa!”

“Lianzeni taratibu. Msifike mwisho. Mwanzo tu.”

“Zzzzz,” wakasema watoto themanini na wanne, kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Barutwanayo naye akasema. Akahisi meno yanamtekenya. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo maisha yake yote hakuna aliyemwambia: kwamba herufi si mchoro. Ni sauti. Ilikuwa kinywani mwake siku zote, kila alipoita ziwa, kila alipoita mzee mwenzake, na hakujua kuwa ni yake. Alibaki amesimama pale na mdomo wazi. Mtoto mmoja akamvuta shati. “Babu, tunaingia ndani.”

Basi ikawa hivyo. Kila siku mbili tatu alikwenda kukaa nyuma, na asubuhi nyumbani akapimiwa somo kabla halijaenda shule. Akipotea, somo linabadilishwa. Spesiosa aling’oa ile chati, akatengeneza kadi zake kwa makaratasi ya maboksi: d ya dagaa, m ya mawese, u ya Ujiji. Watoto waliandika mchangani kwa vijiti vya makuti. Watoto waliochelewa kuelewa hakuwapeleka nyuma, aliwaweka mbele, miguuni kwake.

Barutwanayo akaanza kujua herufi moja moja. Mkewe akamwonya, “Usijue haraka, nitakosa mwanafunzi.” Kwa hiyo akajizuia. Mpaka leo ukimwonyesha neno refu atakwambia hajui, na hutajua kama ni kweli.

Zikapita wiki nyingi kabla Happiness hajarudi kukaa nyuma. Siku hiyo aliketi pembeni ya mzee, daftari limefungwa. Somo likiwa katikati, mkono wake ukapanda.

“Mama, nisamehe... hapo nimepotea. Umeruka kitu.”

Spesiosa akaweka chaki chini.

“Nimeruka nini?”

“Uliwaambia waunganishe sauti, hujawaonyesha.”

“Asante,” akasema Spesiosa. “Sasa umeanza kazi.”

Kutoka hapo jambo likatembea lenyewe. Happiness akamwomba Spesiosa akakae nyuma kwake. Halafu wakakubaliana kila Ijumaa, baada ya uji, mwalimu mmoja afundishe na wengine wakae nyuma, na sheria iwe ile ile ya mzee: usisifu, usilaumu, sema ulipopotea. Yaliyosemwa yakaandikwa kwenye daftari moja kubwa. Dismasi aligoma miezi mitano. “Mimi nina diploma,” alisema. “Nikapimwe na mkamua mawese?” Siku aliyokubali, Barutwanayo alinyoosha mkono mara nne kwenye somo moja. Dismasi akatoka na jasho. Jioni akaja nyumbani kwao, akakaa kwenye gogo, akasema, “Mzee, ile ya tatu, hebu nieleze tena ulipotelea wapi.”

Mwaka uliofuata mkaguzi yule yule alirudi, na kiganja chake, akawaita watoto wale wale, sasa darasa la tatu. Akafunika picha. Niyokwizera akasoma neno, akasoma sentensi, akageuza ukurasa bila kuambiwa akaendelea. Mkaguzi alisahau kuondoa mkono. Wakasoma watoto sitini na mmoja siku hiyo. Mwaka wa tatu walisoma karibu wote, na darasa la nne likatoka mkiani likawa la tatu katika kata. Watu wa Simbo wakaanza kusema “shule yetu.” Zamani walisema “ile shule.”

Spesiosa alifurahi. Lakini kadiri miezi ya kustaafu ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kuwa na wasiwasi. Walimu walikuwa wakija kumwuliza kila kitu. Ijumaa akiumwa, hawakai. Wanasema, tumngoje Mama.

Alhamisi ile ya ungo, saa tano, aliweka chaki chini, akasema kichwa kinamuuma, akakaa sakafuni kati ya watoto. Presha. Dismasi alimbeba mpaka barabarani, wakapata gari hadi hospitali mjini. Yunisi, binti yao, aliacha cherehani yake Mwanga, hapo hapo mjini, akaja mbio. Siku ya pili Spesiosa aliamka, akaongea vizuri, wakadhani imepita. Jumapili alfajiri akafariki.

Wakamzika Simbo. Shule nzima ilikuja, kwa mistari. Barutwanayo hakulia mbele za watu. Aliporudi nyumbani alikuta pipa la chikichi limekaa siku tano bila moto, limeoza. Akalimwaga.

Kwa wiki tatu hakutoka. Happiness alikuja na uji, Leodgar alikuja na pole. Hakuwauliza habari za shule. Aliogopa kuuliza. Alijua jambo moja tu alilokuwa akilitaka mkewe, na mtu akiuliza anaweza kujibiwa.

Halafu akaona ule mfuko wa kadi, umening’inia kwenye msumari. Kadi ni za shule. Akaoga, akavaa shati la misa, akaubeba.

Alipofika uwanja ulikuwa mtupu. Ilikuwa Ijumaa, naye hakuwa ameifikiria siku. Akasikia sauti ya Leodgar kutoka darasa la tano, akaenda akasimama dirishani.

Mwalimu mkuu alikuwa ubaoni, amechora miduara miwili. “Robo na nusu, ipi kubwa?”

“Robo!” wakaitikia watoto. Nne ni kubwa kuliko mbili, kwa nini robo isiwe kubwa?

Benchi la nyuma lilikuwa limejaa. Happiness alikuwepo. Dismasi alikuwepo. Katikati yao, pale alipokuwa akikaa Barutwanayo, alikaa mama mmoja mwuza ndizi na mtoto mgongoni, mzazi wa mmoja wa watoto wale. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna mzazi siku hizi.

Leodgar akaanza kueleza, maneno mengi. Happiness akanyoosha mkono. Lakini mkono mwingine ulikuwa umeshatangulia, wa mtoto wa benchi la pili.

“Mwalimu mkuu, hapo nimepotea.”

Hakuna aliyecheka. Kabisa. Darasa zima liligeuka likamtazama Leodgar, kuona atafanya nini, na mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye tai, akapangusa ubao kwa kiganja chake, miduara yote miwili.

“Umepotelea wapi?”

“Kwenye ile nne.”

“Na wewe, mama?” akamwuliza mwuza ndizi.

“Hata mimi ni hapo hapo, mwalimu. Ila ndizi ukiigawa kwa watu wanne, si kila mtu anapata kidogo?”

“Njoo mbele na ndizi yako,” akasema Leodgar.

Barutwanayo alishika nondo za dirisha. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemhitaji. Hakuna aliyetaja jina la Spesiosa, na yeye alikuwa kila mahali mle ndani, kwenye ule ukimya baada ya mtoto kusema hajui. Aliona jambo kubwa kuliko lolote alilowahi kuona, na ukimwuliza alichokiona atakwambia: watu wakigawana ndizi.

Somo lilipoisha Leodgar akatoka, akamkuta pale, chaki imemjaa mikononi.

“Shikamoo, mzee! Mbona umesimama nje?”

“Marahaba. Nimeleta kadi.”

Leodgar akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Halafu akasema, kama mtu anayeungama, “Mzee, tumefanya bila yeye. Tulitaka tungoje arobaini ipite, Happiness akakataa. Na huyo mzazi tumemleta sisi wenyewe, Mama hakusema kitu kama hicho. Sijui angesemaje.”

“Alishasema,” akajibu Barutwanayo. “Siku ya pili, hospitali. Nilimwambia, Mwalimu, ukiondoka hawa watakusahau.”

“Akasemaje?”

“Akasema: ‘Wakiendelea kuniuliza mimi, basi sikufundisha kitu. Wakiulizana wenyewe, hata jina langu wakilisahau, mimi sina neno.’”